Tundu la Nne

Mama Sheila alinikuta dukani kwangu Kawangware, kituo cha 56, Jumanne asubuhi, nikimpimia mteja misumari. Hakutaka kiti. Alisema, "Rodah, baba Sheila ametuacha," kisha akaeleza kilichomleta. Jumapili kungekuwa na maombi katika ukumbi wa kanisa kabla ya mwili kusafirishwa nyumbani, na familia ilitaka mtu mmoja asimame aseme juu ya marehemu na kazi yake. Kanisa lilikuwa na msemaji wake, majirani wa Gatwekera wao pia. Upande wa kazi walikuwa wamenichagua mimi. "Si ni wewe mlijenga na yeye ile ndege," alisema. "Na vile alikuwa anatuambia ulimtetea. Hiyo story hata watoto wanaijua." Nilikubali. Mtu aliyefiwa akikuomba neno, humwambii angoje ufikirie. Alipoondoka niliangalia mfuko wa mteja nikaona nimempimia misumari ya inchi tatu badala ya mbili, naye alikuwa ameona na kunyamaza, akidhani ni uchungu wa msiba. Uchungu ulikuwepo, sikatai. Lakini mwingi wake ulikuwa aibu, na aibu hiyo ni kongwe kuliko duka langu.

Shadrack, ndiye huyo baba Sheila, na mimi tulifahamiana kabla na baada, lakini mwaka ninaousema ni mmoja, ule niliokuwa na miaka ishirini na miwili na yeye ishirini na mitano. Nilikotoka na walionizaa nawaacha kando, maana hawakuwa na mkono katika nililofanya. Tulikuwa tukigonga masanduku ya mabati pale Gatwekera, yale ya wanafunzi wa bweni, tukiwa tumekaa juu ya mawe mbele ya chumba cha Shadrack. Siku moja akaja mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, akasimama akitutazama kwa muda mrefu kama mnunuzi wa mbuzi. Mkononi alikuwa na karatasi ya bati laini yenye tundu la duara katikati. Akaniambia, "Wewe msichana, hebu ingiza mkono hapo unipee nati iko huku nyuma." Niliingiza mkono ukapita mpaka karibu na bega, nikampa nati yake. Shadrack akajaribu, mkono wake ukakwama kwenye kiwiko, tukacheka. Mzee hakucheka. Aliuliza kama ninajua kupiga riveti, nikamwambia ninajua, ila napiga na huyu, maana riveti ni kazi ya watu wawili: mmoja nje na nyundo, mwingine ndani na kipande cha chuma cha kupokelea pigo. "Basi kujeni wote," alisema. "Kabiro. Ulizeni nyumba ya ndege."

Jina lake lilikuwa Mzee Gathogo. Alikuwa amestaafu kazi ya ufundi wa ndege, na pale Kabiro alikuwa na ploti ya kupangisha, vyumba safu mbili vikitazamana, na nyuma yake banda refu la mabati lililokuwa na ndege ndani. Haikuwa ndege bado. Ilikuwa vipande vilivyokuja kwa meli katika kasha la mbao, pamoja na vitabu vya maelezo, na mwenyewe ndiye wa kuviunga: mabawa mawili, kiwiliwili, mkia, viti viwili, kimoja chake na kimoja cha mkewe. Wapangaji walimcheka waziwazi. Nilimsikia mama mmoja akianika nguo akimwambia mwenzake, "Mzee anajenga ndege na choo ya ploti haina mlango." Ilikuwa kweli, choo hakikuwa na mlango, kilikuwa na gunia. Lakini ndani ya banda hapakuwa na mzaha. Sakafu ilifagiliwa mara mbili kwa siku, vifaa vilichorwa ukutani kila kimoja umbo lake, na ukikuta umbo tupu ujue kuna mtu hajarudisha kitu. Mimi niliyezoea kutafuta nyundo chini ya kuku, nilipenda banda lile siku ya kwanza nilipoliona. Nadhani nililipenda kupita kiasi.

Kila asubuhi tulitembea kutoka Gatwekera, tukavuka barabara ya Ngong, tukateremka mpaka Kabiro, Shadrack akihesabu madimbwi yaliyokauka tangu jana. Saa nne Mama Wambui, mke wa Mzee, alileta chai ya maziwa kwenye birika kubwa na viazi vitamu au mkate mkavu, na hapo ndipo ilipokuwa sheria ya banda. Mzee alikuwa amesema: kila anayetoboa tundu aandike herufi yake kando kwa kalamu ya wino mzito. Tundu likiharibika, alizungushie duara jekundu, na saa nne ya chai alitangaze mbele ya wote. Hapakuwa na adhabu. Tundu baya lingetafutiwa dawa, na kama halina dawa, kipande kingeagizwa kipya. Shadrack aliifurahia sheria hiyo kama mchezo. Angechovya mkate kwenye chai na kusema, "Mzee, nimeua moja." Mzee angeuliza, "Umezika?" "Bado." "Haya, maliza chai unionyeshe maiti." Na wangekwenda kuliangalia wakiwa wameinama pamoja. Mimi sikuwahi kutangaza hata moja. Nilikuwa na makosa machache kuliko yake, hiyo ni kweli, lakini mawili matatu niliyapata nikayanyoosha kimya kimya kwa tupa. Katika kazi ya masanduku ndivyo tulivyolelewa. Ukitoboa vibaya, unakata kipande cha bati umbo la ua, unakipigilia juu ya tundu, unakipaka rangi nyekundu, na mteja anakushukuru kwa pambo. Masanduku yenye maua mengi ndiyo yenye makosa mengi, na ndiyo yaliyonunuliwa haraka. Mtu hawezi kukulia katika kazi ya namna hiyo kisha akaambiwa azungushie kosa lake duara jekundu, likamwingia mara moja. Shadrack alikulia humo humo na likamwingia. Kwa hiyo sina hata kisingizio hicho.

Kazi yangu hasa ilikuwa mkia. Mkia wa ndege ndogo ni bomba linalokwenda likipungua, na mwisho wake kuna kiunzi, yaani bamba la aluminiamu linaloziba bomba na kushika ile sehemu iliyosimama wima. Matundu manne ya kiunzi hicho yalitakiwa kutobolewa kwa ndani, mahali ambapo drili ya kawaida haiingii na jicho linafika kwa shida. Humo nilikuwa nikilala kifudifudi juu ya kipande cha godoro, kurunzi kipajini, mkono mmoja mbele na mwingine umebanwa kiunoni, pua ikiwa karibu kugusa bati. Joto la mchana lilifanya bomba lile liwe jiko. Kosa dogo humo lilikuwa kubwa, maana tundu likikaribia ukingo wa chuma kupita kiasi, siku moja hewani ukingo unaweza kupasuka, na mkia ndio unaoiambia ndege iangalie wapi. Mzee alikuwa na kifaa kimoja tu cha kazi hiyo, drili ya shingo iliyopinda, na wiki tuliyofika kwenye matundu hayo meno ya shingo yake yalikatika. Nyingine ilibidi iagizwe ng'ambo. "Tutangoja," alisema Mzee. "Shimo haina haraka. Mwenye haraka ni mtu." Tukapewa kazi nyingine ya kusugua na kupaka dawa, na wiki mbili zikapita, kisha tatu.

Katika wiki hizo ndipo nilipoyasikia maneno ambayo sikupaswa kuyasikia. Nilikuwa ndani ya mkia nikisafisha vumbi la chuma kwa brashi, Shadrack ametumwa dukani, na Mzee akaingia bandani na rafiki yake mwenye karakana pale uwanja mdogo wa ndege. Waliketi na chai, migongo yao karibu kabisa na bomba nililokuwemo. Yule rafiki akasema, "Niko na nafasi ya mtu mmoja. Nitamfundisha mpaka apate leseni. Si unipee yule msichana? Nimeona kazi yake." Nikasikia Mzee akinywa chai. "Msichana ana mkono," alisema. "Lakini kijana anajua kungoja. Na akikosea anasema. Mimi ningekupa kijana." Yule rafiki akasema, "Wewe ndiye unawajua." Wakaanza kuzungumza habari za bei ya maziwa. Nililala pale mpaka walipotoka, kwa sababu kutoka kungekuwa kujitangaza. Leo naona Mzee alikuwa amesema jambo la haki, tena kwa upole. Wakati ule nililiona kama kunyang'anywa. Nafasi ilikuwa moja, mkono uliokwenda kiunzini ulikuwa wangu, na leseni ilikuwa njia ya kutoka katika chumba ambamo nilisikia jirani akigeuka kitandani. Niliamua kumwonyesha Mzee kwamba yuko fundi asiyehitaji kungoja. Shadrack aliporudi na sukari akaniuliza, "Mbona umenuna?" Nikamwambia ni joto.

Siku chache baadaye Mzee alikwenda mazishini kwao, siku tatu, akatuachia ufunguo wa banda. Asubuhi ya kwanza nilikuja na spoki ya baiskeli. Ni jambo la kawaida Gatwekera: unaponda ncha ya spoki juu ya kipande cha reli mpaka iwe bapa, unainoa, unaitia motoni na kuizima kwa mafuta machafu, nayo inatoboa bati. Na kwa kuwa ni ndefu na inapinda, drili inaweza kubaki nyuma, penye nafasi, huku ncha ikifanya kazi mbele kwenye kiunzi, ukiiongoza kwa vidole. Shadrack aliigeuza geuza mkononi. "Rodah, hii ni ya masanduku," alisema. "Si tungoje tu hiyo drili ikuje." Nikamwambia, "Wewe unangoja kila kitu. Utangoja mpaka ndege iote manyoya." Alicheka, na alipocheka nikajua nimemshinda.

Nilitoboa mawili ya juu, yakawa safi, hata mimi nilishangaa. Kisha nikamshurutisha Shadrack atoboe moja la chini. Sikufanya hivyo kwa wema. Nilitaka Mzee akirudi na hasira, hasira iwe ya watu wawili. Yeye mabega yake hayakuingia kifudifudi, ikabidi alale chali na kujisukuma kwa visigino, akitoboa bila kuona, kwa kupapasa tu. Nilisikia spoki ikiimba sauti moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Akatoka amejaa jasho, akasema, "Imeingia poa, nimeisikia," akaenda bombani kunawa uso. Lilibaki la nne. Spoki ilikuwa imeanza kuwa butu na nilijua. Kunoa kungechukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilisukuma. Nikaisikia ncha ikiteleza, ikatembea upana wa punje ya mchele, kisha ikazama. Niliposogeza kurunzi niliona tundu lenye umbo la yai, limeegemea ukingo. La Shadrack lilikuwa pembeni yake, duara kamili, bora kuliko yangu yote.

Nilikaa humo kitambo nikilitazama. Kalamu nyekundu ilikuwa kwenye mfuko wa kifua, na ningeweza kuitoa bila hata kukunja kiwiko. Badala yake nilimsikia Shadrack akirudi, nikamwambia anipe bolti nne za kushikizia kwa muda, na washa, vile vipete bapa vya kukaa chini ya bolti, moja iwe kubwa. Alinipitishia bila kuuliza. Washa kubwa ikafunika lile yai. Kisha nikaandika herufi. Kando ya mawili ya juu niliandika R. Kando ya tundu zuri la Shadrack niliandika R. Kando ya lile baya niliandika S. Herufi ni kitu kidogo, inaisha kabla hujaamua vizuri, na nilijiambia kwamba kesho nitairekebisha. Ukilala chali mle ndani, kushoto na kulia hubadilishana, na mtu aliyetoboa kwa kupapasa hawezi kuapa lipi ni lake. Hilo nalo nililijua nikiwa bado na kalamu mkononi.

Mzee aliporudi tulimwonyesha. Nilitarajia ngurumo. Aliingiza kurunzi na mkono, akapapasa matundu mawili ya juu, akatoka akiwa na spoki yangu, akaitazama kwenye mwanga. "Haiya," alisema. "Hii ndiyo Gatwekera inatumia?" Akaipigilia ukutani kwa msumari mdogo, akaichora umbo lake kwa chaki kama kifaa kingine chochote. Mama Wambui siku hiyo alileta chapati, na Mzee akamwambia, "Mpe fundi kubwa," akimaanisha mimi. Nilikula chapati ile. Ilikuwa laini, ya maji moto, na ninaikumbuka vizuri kuliko vyakula vyote vya mwaka ule. Shadrack alifurahi kwa niaba yangu, akampigia Mzee hadithi ya jinsi nilivyoizima spoki kwa mafuta. Jioni tulipotembea kurudi alisema, "Mzee atakupeleka mbali, utaona." Kesho ya kurekebisha herufi ikawa keshokutwa, ikawa wiki. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na nafasi ya kutosha kugeuka kila siku, na kila siku niliipita.

Mkaguzi alikuja baada ya mwezi hivi, mtu mfupi mwenye kioo kidogo kwenye kijiti, kama cha daktari wa meno. Aliingiza kioo mkiani, akatulia, akaomba kurunzi nyingine, akaomba bolti za chini zitolewe. Ilikuwa saa nne. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Akamwita Mzee, wakainama wote wawili kama vile Mzee alivyokuwa akiinama na Shadrack, na Mzee akatoka akiwa na ile washa kubwa kwenye kiganja. Hakupaza sauti. "S," alisema. "Shadrack, hii shimo ni yako?"

Shadrack aliweka kikombe chini. "Nilitoboa moja huko chini, Mzee. Nilidhani imeingia poa."

"Na washa nani aliweka?"

Hapo Shadrack aliniangalia. Sikuuelewa mtazamo ule, nikadhani amejua. Kisha akasema, "Ni mimi."

Mzee alikaa kwenye kreti. "Shimo mbaya ningesamehe hata mia," alisema. "Umeniambia ngapi mimi nikasamehe? Lakini hii umevalisha nguo. Mimi na mama tungepanda hii kitu." Mama Wambui alikuwa amesimama na birika, hajui aliweke wapi.

Nilifungua kinywa. Nilifungua nikiwa nimekusudia kusema ukweli, hilo nimejiambia kwa miaka mingi na sasa sina uhakika nalo. Kilichotoka ni hiki: "Mzee, msamehe. Alikuwa na haraka tu. Ni mtu mzuri." Nikaona Mzee akinitazama kwa heshima. Kumwombea mtu msamaha ni kusema amekosa, na mimi ndiye niliyemalizia pale ambapo Mzee labda bado alikuwa na shaka. Alitikisa kichwa, akamwambia Shadrack achukue koti lake. Mkaguzi akaangalia saa. Chai yangu niliinywa ikiwa imepoa, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini.

Shadrack alinisubiri jioni pale njia ya Kabiro inapokutana na barabara. Alikuwa amekaa saa nyingi, koti amelikunja mapajani. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Alisimama tukatembea kama kawaida, mpaka tukavuka barabara ya Ngong, ndipo akasema, "Asante kwa kunisemea."

Nilikaza mwendo, naye akakaza.

"Najua vile ulifanya," alisema. "Uliona shimo yangu imeharibika ukaifunika na washa ndiyo nisifukuzwe. Nilijua tu nikisikia ile washa kubwa. Singeweza kukutaja, Rodah. Heri aende mmoja."

Tulikuwa tumefika kwenye mteremko wa Gatwekera. Watu walikuwa wanarudi kutoka kazini, moshi wa jikoni umeshuka njiani, na kila mlango ulikuwa na sufuria. Ningeweza kusema maneno manne: "Lilikuwa langu, si lako." Nimeyahesabu mara nyingi. Nilimwambia, "Usijali, utapata kazi ingine." Alinikaribisha kwake, akapika ugali na omena, akanipa sehemu yenye nyanya nyingi. Nilikula pia. Mwaka ule nilikula vya watu wengi.

Nafasi ya uwanjani nikaipata mimi. Kiunzi kipya kiliagizwa, drili ya shingo ikafika, na safari hii nilitoboa matundu yote manne na kuyaandikia R kwa mkono usiotetemeka. Ndege iliruka miaka miwili baadaye, Mzee na mkewe ndani, na wapangaji wa ploti walikwenda kuiona wamevaa nguo za kanisani. Nilipata leseni yangu. Nilifanya kazi karakanani miaka mingi, nikasifiwa kwa uangalifu, nikawafundisha vijana wazungushie makosa yao duara jekundu, na nilikuwa mkali sana kwao. Mzee alifariki akiniita fundi. Shadrack alirudi kwenye masanduku, kisha makarai, kisha majiko. Nilipofungua duka Kawangware alikuja kununua riveti kwangu ingawa zilikuwepo karibu naye. "Niaje, fundi wa ndege," angesema, na wateja wangegeuka kunitazama. Nyakati nyingine nilimwona akija kwa mbali nikamwambia mfanyakazi wangu amhudumie, nikaingia stoo, nikasimama kati ya mabomba mpaka atoke.

Jumapili ukumbi ulijaa. Nilikuwa nimekata shauri kusema yote, na Jumamosi nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ili nisijipe nafasi ya kuteleza. Waliponiita nilisimama, nikaona watoto wake watatu kwenye benchi la mbele, Sheila akiwa mkubwa amemshika mdogo, wote wakinitazama kwa namna ya watu wanaongoja hadithi wanayoijua. Nikaiacha karatasi mfukoni. Nilisema Shadrack alikuwa mvumilivu. Nilisema alikuwa fundi mwaminifu kuliko wote niliofanya nao kazi, na hilo angalau lilikuwa kweli. Nilisema habari ya "nimeua moja" na watu wakacheka, wakafuta macho. Nilipoketi walinipigia makofi, na mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega.

Makofi yale ndiyo yaliyonitoa nje. Nilimkuta Mama Sheila nyuma ya ukumbi, penye masufuria, akiwaelekeza wanawake sahani za kupakulia. Nilimwomba kando, karibu na ukuta, nikamwambia. Nilimwambia tundu lilikuwa langu, herufi niliandika mimi, washa niliiweka kwa ajili yangu mwenyewe, na kwamba mumewe alikuwa amenishukuru kwa kitu ambacho sikukifanya. Nililia nikisema, na nilikasirika kwamba ninalia, maana si mimi niliyepaswa kufarijiwa. Yeye hakulia. Alikuwa ameshika kitambaa cha kuinulia sufuria, akakikunja mara mbili.

"Kwa hivyo yake ilikuwa poa," alisema.

"Ilikuwa nzuri kuliko zangu zote."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa kunikubalia, bali kama mtu anayepanga vitu vya nyumba upya. "Unajua alikuwa anapima kitu mara tatu? Hata mkate. Watoto walikuwa wanamcheka. Walimletea kazi ya mageti ya shule, kazi kubwa, akakataa. Alisema mkono wake si wa kuamini, ulishawahi kumdanganya. Nilimgombeza sana hiyo siku. Nilimwambia ni uvivu." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na ulikuwa hapo 56 tu. Alikuwa anakuja kwako kila mwezi."

"Ndiyo."

"Sasa hii umeniletea, nitamwambia nani?"

Ndani walikuwa wameanza wimbo wa mwisho na wanawake walikuwa wanaita sahani. Mama Sheila alirudi kwenye meza, akainua rundo la sahani zilizojaa wali. Nilimfuata nikanyoosha mikono nizipokee, nisaidie kugawa. Alinipita, akampa msichana aliyekuwa nyuma yangu.